Kidoti na Chupa Yangu ya Karafuu

Jumatano, baada ya Alasiri. Mvua imepiga tangu asubuhi, nguo nilizofua juzi bado zinaning'inia ndani mbichi, na nyumba nzima inanuka sabuni.

Mguu umebaki.

Naanza na hilo kwa sababu wapo mnaoniuliza kila siku. Mguu wa Kidoti hautakatwa, alhamdulillahi. Lakini kuna jambo la kuwaambia ninyi mnaonisoma, na nimelichelewesha makusudi, nikijiambia acha kwanza paka apone.

Mnakumbuka niliandika hapa kuhusu mafuta ya karafuu. Niliyasifu mpaka basi. Nikasema mama yangu huniletea kutoka Pemba, nikasema jino, kifua, magoti, nikamalizia kwamba hata mnyama wako akiumia mpake, atapoa. Wengi mlinishukuru. Binti yangu Salma, aliyenifungulia ukurasa huu siku alizokuwa anaolewa na kuhamia Chukwani, aliniambia hakuna nilichowahi kuandika kikasomwa kama kile.

Nilikosea. Na kama ingekuwa kukosea tu, ningeshawaambia zamani.

Kidoti ni paka wetu, mweupe, mwenye doa jeusi juu ya pua kama aliyechovya uso kwenye wino. Alhamisi moja, sasa ni wiki mbili kasoro siku, aliruka kutoka paa la jirani akachanwa paja na bati lenye kutu. Alirudi kwa miguu mitatu akalala juu ya kofia niliyokuwa nashona, kazi ya miezi miwili, damu ikaingia kwenye vitobo vyote. Sikuitazama kofia. Nilikimbilia chupa.

Nikampaka, nikafunga kitambaa. Ijumaa nikampaka tena. Analamba, na mimi naona raha, nasema vizuri, dawa inaingia na kwa ndani.

Jumamosi paja lilikuwa limevimba, nikampeleka kwa daktari wa wanyama kule Amani. Ni binti wa bara, anaitwa Neema, rika la Salma. Aliniamkia shikamoo mama, nikaitika marahaba, akafungua kitambaa, akainama akanusa.

"Mama, umempaka kitu?"

"Maji ya chumvi tu, mwanangu."

"Mbona nasikia harufu ya karafuu?"

"Ni mimi hiyo. Nnajipaka magoti."

Chumba kizima kinanuka karafuu, nami nimekaa na buibui langu nasema magoti.

Nimejiuliza sana kwa nini nilisema vile. Mimi nilisoma mpaka darasa la saba. Niliviona vyeti vyake ukutani, nikaona ataniona mama wa kizamani anayetibu kwa kubahatisha. Nikachagua kuonekana mjuzi. Kisha nikarudi nyumbani nikaswali Adhuhuri na uongo ule bado umo mdomoni, nikajifanya siuhisi.

Na nyumbani nikafanya baya zaidi. Nilimpaka dawa ya daktari, na juu yake nikaongeza karafuu. Niliona dawa mbili zitashinda moja.

Jumapili Kidoti akaanza kutoka udenda. Anatetemeka, akisimama anaanguka, hata nikimwita hageuzi sikio. Mume wangu, Baba Salma, miaka yote anasema paka ni wa kulinda mchele tu. Siku hiyo alisimama mlangoni na kikoi chake akanitazama mimi, hakumtazama paka.

"Daktari umemwambia habari ya mafuta?"

Nikainama nikamfuta Kidoti udenda.

"Basi mpigie. Aibu yako haimponyi huyu."

Nikapiga. Nikasema yote kwa pumzi moja, pamoja na magoti. Hakunifokea. Aliniambia nimlete muda ule ule, nisimpake wala kumlisha kitu. Tulipofika alimuosha kwa sabuni, akamtundikia dripu, akanieleza taratibu kwamba mwili wa paka hauna uwezo wa kuyavunja mafuta yale kama wetu sisi. Yalimuunguza nyama kwa nje, na kila alipolamba alikunywa sumu.

"Ningejua jana, mama, tungemuosha jana."

Hilo tu. Nilitamani angenitukana, ningepata pa kushikia hasira.

Alibaki huko mpaka Jumatano. Alirudi na duara la plastiki shingoni asijilambe, na paja lina sehemu nyeusi, nyama iliyokufa. Daktari akanipa wiki moja. Nimsafishe asubuhi na jioni, na weusi ule ukienea, mguu utakatwa.

Mnajua alichonipa cha kumsafishia? Maji yaliyochemshwa, yapoe, yatiwe chumvi. Maji yale yale niliyoyasingizia.

Basi nikaweka nia. Tenga la kuku nikalisafisha, nikatandika mkeka mkuukuu ndani, ndiyo ikawa wodi yake. Kila siku baada ya Subhi, na tena baada ya Alasiri, nnamfunga kwenye kanga abaki kichwa na mguu, nnamsafisha polepole, nnasoma zile sura nilizojaaliwa kuzijua. Sijakosa hata mara moja. Mvua, wageni, kichwa kuuma, sijakosa.

Lakini yeye hanitaki.

Mkono wangu ukiingia tu kwenye tenga, pua inamcheza, anarudi nyuma mpaka anajibana kwenye kona. Miaka ishirini nnajipaka mafuta yale, yameingia kwenye ngozi. Nimesugua kwa limau, nimesugua kwa majivu, nimesugua kwa sabuni ya kufulia mpaka vidole vimechubuka. Magoti nimeacha kuyapaka kabisa. Nikienda sijida yanalia, nami nayaacha yalie.

Chakula anakula kwa Baba Salma. Samaki changu aliyechambuliwa miba, kwenye kiganja cha mtu anayesema paka ni wa kulinda mchele.

"Huyu ana akili," ananiambia. "Kashamjua mwenye nyumba."

Namwacha atambe. Ana haki yake.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya hukumu. Daktari alipokuwa anafungua kitambaa nilitazama ukuta, vile vile vyeti, nikasoma Ayatul Kursiyyu mara ya kwanza, nikairudia. Sijamaliza ya pili nikasikia, "Mama, hebu njoo utazame." Weusi umebanduka. Chini yake kuna nyama mpya, ya waridi, kama ufizi wa mtoto mchanga. Wiki tatu zaidi ndani ya tenga, asiruke, asipande, na mguu ni wake.

Nikamwomba radhi, uso kwa uso, kwa sababu ile ya simu niliona haikutosha. Akasema yamekwisha, mama.

Lakini hayakuwa yamekwisha. Nilipokuwa narudi nilikumbuka chupa ndogo niliyompa Bi Mosi, jirani yangu wa mtaa wa nyuma, ampake paka wake ukurutu wa masikio. Nikapita kwake hivyo hivyo nimelowa.

"Bi Mosi, ile chupa niliyokupa naomba unirudishie."

"Khe. Zawadi inarudi kwa mwenyewe? Umepata mteja?"

"Ni sumu kwa paka, na mimi sikujua. Wako umempaka?"

Akanitazama kwanza. "Nimpake wapi, na yule nani anamkamata? Nimejipaka mwenyewe jino. Nusu ishakwisha."

Nilicheka mpaka nikaegemea mlango wake, na katikati ya kucheka nikajikuta nalia.

"Wewe nawe," akasema, "unamlilia paka, jino langu hujaliuliza."

Chupa nikamwachia, kwa jino lake, baada ya kuniahidi kwamba paka hataguswa nayo.

Huyo ni mmoja, na nyumba yake naijua. Ninyi wengine siwajui mlipo. Kama ulimpaka paka wako kwa maneno yangu, muoshe leo kwa sabuni laini na maji ya uvuguvugu, usimwache alambe, mpeleke kwa daktari wa wanyama, na ukifika sema kila ulichompaka. Kila kitu. Salma alinishauri niifute ile makala kimya kimya. Sikuifuta. Nimeandika juu yake kwamba nilikosea, na jina langu nimeliacha pale pale.

Kabla sijakaa kuandika haya nilichambua samaki changu, nikanawa tena kwa limau, nikaweka kiganja mbele ya tenga. Kidoti akanusa. Pua ikamcheza.

Hakula. Lakini hakurudi nyuma.

Kesho nikitoka kwenye mswala nitanawa tena nikae pale pale, kiganja wazi. Kofia moja hunichukua miezi minne, na ile yenye damu nshaanza kuifua. Kungoja nnakujua.