Kifudu Jukwaani

Jumanne, 3 Juni

Kipindi cha mwisho tena, joto la mabati kichwani. Gredi ya Nane wanasinzia. Nimewauliza nani anajua jina lake lilitoka wapi. Nusu ya darasa ni Wagiriama na Waduruma, wazaliwa wa hapa hapa Likoni. Ukiwasemesha lugha ya kwao wanainamisha vichwa kana kwamba umewatukana. Kadzo peke yake kainua mkono. Amerithi jina la bibi yake mzaa baba, aliye Kaloleni, na bibi humwita "mwenzangu". Wenzake wakamcheka. Mimi nimefurahi. Mmoja ni mmoja.

Alhamisi, 5 Juni

Mkuu wa shule kaniita. Tamasha la muziki linakaribia, safari hii anataka kombe. Amemleta mkufunzi, Bwana Karisa, anayefundisha wacheza ngoma wa mahoteli kule Shanzu. Langoni kumeandikwa kwa rangi mpya: MWACHA MILA NI MTUMWA. Ningecheka, ila nilikuwa na njaa.

Jumatatu, 9 Juni

Karisa kachagua kifudu. Kifudu! Ngoma ya matanga. Wanawake hukiimba mtu akifa, basi. Hakiimbwi siku nyingine, hata jikoni, hata kwa mzaha. Utotoni niliwahi kukipiga mluzi, mama akanizaba kofi, naye alikuwa mwimbaji wa kwaya kanisani.

Karisa ni Mgiriama. Anajua. Hilo ndilo linaloniuma. Nimemwambia mbele ya Mkuu, naye kajibu huku macho yakiwa kwenye simu: "Mwalimu, za harusi majaji wamezichoka. Hii ina huzuni. Huzuni ina alama."

Mkuu akaniuliza, kwa upole kabisa, mimi ni mwalimu au mganga.

Mganga. Lo!

Jumatano, 11 Juni

Nimetolewa kwenye chama cha utamaduni. Chama nilichokianzisha mwenyewe. Kabla ya kutoka niliwaambia wasichana waziwazi: hiki ni cha kuzikia, msikiimbe. Karisa anawapa soda na mandazi baada ya mazoezi. Mimi nawapa maneno.

Kadzo ndiye mwenye kuongoza wimbo. Ana sauti, si uongo. Kaniuliza, "Sasa nikatae, mwalimu?" Nikamwambia amuulize babake. Babake ni kibarua bandarini, kasema mkuu wa shule ndiye mkuu. Basi.

Alhamisi, 19 Juni

Wanafanyia mazoezi nyuma ya darasa langu. Nafundisha nimefunga madirisha. Tunaiva humu ndani kama mihogo.

Jumamosi, 28 Juni

Wameshinda.

Vyungu vya ngoma hiyo vimepakwa rangi ya dhahabu. Wasichana wamevaa hando, zile sketi za marinda za bibi zetu, zimekatwa juu ya magoti. Kadzo alipoanza tu, mama mmoja wa Timbwani aliyekaa mbele yangu akashtuka, akamshika jirani yake mkono: "Kafa nani?" Majaji walikuwa wakiandika. Mama akajifunga leso, akatoka.

Mkuu kalikumbatia kombe mbele ya kamera. Nilipiga makofi. Kadzo alikuwa akinitafuta kwa macho, ningefanyaje? Najichukia.

Jumatano, 9 Julai

Bibi yake Kadzo amefariki. Figo. Alikuwa mgonjwa tangu kabla ya Krismasi, kila mtu anajua. Lakini chumba cha walimu leo ni minong'ono mitupu: kifudu hicho, kimeita. Upuuzi. Kifudu hakiui mtu. Nimewaambia hivyo, wakaniangalia kama msaliti. Juzi hawakutaka kunisikia, leo wanataka niwatishe.

Mchana Mkuu kanivuta kando. Sauti chini. Eti hakuna kitu cha kufanya hapa shuleni, kusafisha safisha? Nikamwambia mimi si mganga.

Ilikuwa tamu kuisema. Dakika moja tu.

Jumapili, 13 Julai

Jana tulizika, Kaloleni. Karisa hakuja. Mkuu kaleta shada la maua, akaondoka kabla ya wali.

Mchungaji alipomaliza, wanawake wakaanza kifudu. Polepole, sauti nzito, ile yenyewe. Sijakisikia hivyo tangu tulipomzika mama. Nililia, sikujali nani ananiona. Shangazi zake wakamvuta Kadzo katikati, maana ndiye mwenye jina la marehemu.

Akaimba kuliko wote. Kidevu juu, kiuno kinazunguka, akatabasamu meno yote nje, uso kaelekeza upande ambako hapakuwa na mtu, mihogo tu. Wanawake wakanyamaza mmoja mmoja. Yeye akaendelea mpaka mwisho, akapiga goti, akainama.

Hakuna aliyemgombeza. Shangazi yake mkubwa alimfunika leso, akamtoa pale.

Baadaye nilimkuta nyuma ya jiko, anachambua mchicha. Macho makavu. "Nimejaribu kulia, mwalimu. Wote wanalia. Mimi ukianza tu ule wimbo, nawaona majaji."

Nilikaa chini kando yake, nikavuta fungu langu la mchicha, tukachambua.