Nguo Nyepesi ya Mashine Yako

Yaya Murhula, mkubwa wangu,

Nakuomba kwanza, haya yote yabaki kwako. Usimwambie mtu, hata mama yako ukimjia ndotoni. Mashine yako niliiharibu mimi, na kwaya nzima inaamini ni uzee wake.

Baada ya mazishi mama yako alinipa ile laptop kwa mikono miwili, akasema mimi ndiye uliyekuwa unanifundisha kurekodi. Sikuthubutu kumwambia kwamba tuliishia somo la tatu. Nilipoifungua nikaona ilivyo kavu: ubao mwembamba juu, rangi ya kijivu, basi. Nikaona aibu kwa ajili yako. Watu wetu tunawazika na suti hata kama hawakuwahi kuvaa suti. Kwa hiyo nikaitafutia nguo mpya. Ndivyo ulivyokuwa ukiita mazingira ya eneo-kazi, yaani sura ya skrini: Linux ni mwili, hii ni nguo tu. Nikaweka ile nzuri kuliko zote, yenye madirisha yanayoteleza na kuacha kivuli, na picha yako nyuma.

Jumapili tukafanya mazoezi ya wimbo wa misa ya kuondoa matanga yako. Kinanda chako umetuachia kimerekodiwa, na kati yetu hakuna anayekipiga hivyo. Sisi tulitakiwa tu kuimba juu yake. Kikakwaruza. Kila dirisha likiteleza, kinanda kinakatika kama simu inayokosa réseau, mtandao. Wengine wakacheka kidogo. Maman Jolie, na fimbo yake ya kuongozea kwaya mkononi, akasema, "Muiache. Mashine nayo iko inamulilia mwenyewe wake." Halafu akanivuta kando: isipopona kufika Jumamosi, tutaimba bila wewe.

Bila wewe, alisema. Hakusema bila kinanda.

Nyumbani umeme umepotea wiki nzima, nikaibeba hadi ofisini. Mchana, chef, mkuu wangu, akienda kula, nafunga dirisha la wageni na kuichomeka nyuma ya kabati la madaftari ya état civil, ya kuandikisha raia. Daftari la vifo liko chini kabisa. Jina lako humo niliandika mimi, Yaya. Sikukosea hata herufi. Nilianza kukosea baadaye, nikiandika ndoa ya watu nisiowajua.

Siku ya kwanza nikajaribu nguo nyingine, LXQt. Ni nyepesi kweli. Wimbo ulikuwa umesimama katikati, na kuanzia hapo kinanda kilipita bila kukatika. Lakini vitufe ulivyonifundisha havikuitika, na kila nilipotaka kurudi mwanzo wa wimbo niliogopa kugusa pasipofaa na kukufuta. Mtu akagonga mlango. Nikaifunika na koti, nikakaa kimya hadi akaondoka.

Siku ya pili, kabla ya kuandika neno la siri, nikaona orodha ndogo pembeni, na ndani yake XFCE, ile nguo yako. Nilidhani niliitupa. Nikaichagua. Ubao wako ukarudi juu, kila kitu pale ulipokiacha, na vitufe vyetu vikaitika. Vivuli vyote ulikuwa umevizima. Kumbe haukuwa umaskini. Ulikuwa umevua kwa makusudi kila kilichokula nguvu ya sauti. LXQt inakula nguvu kidogo kuliko hii, nilipima nikaandika kwenye karatasi. Lakini kwa mashine yako hii inatosha, na mkono wangu unaijua. Nimebaki nayo. Hata picha yako nimeitoa, unisamehe.

Nikapiga wimbo. Hakuna mkwaruzo. Na kabla ya noti ya kwanza nikasikia kitu ambacho mkwaruzo ulikuwa umekificha: kiti chako kinalia, unavuta pumzi, kisha, "Cikuru, usikimbie. Moja, mbili, tatu, ine."

Unajua kwamba kwa woga siku zote naingia kabla ya wenzangu. Sikujua kwamba ulinikumbuka hata ulipokuwa unarekodi peke yako.

Maman Jolie ameniagiza, bila kujua kuna nini, nikate kila kitu kilicho kabla ya kinanda. Nimekata jina langu tu, nikalihifadhi pembeni. Sijaweza kulisikiliza tena. Hesabu nimeiacha ibaki. Kesho utaiingiza kwaya wewe mwenyewe kupitia spika ya kanisa, mama yako akiwa benchi la mbele. Hakuna anayejua. Labda atafurahi, labda hatanisalimia tena. Naogopa, Yaya, na wa kumuuliza ulikuwa wewe.

Lala salama. Nakuahidi sitaivika mashine yako kitu kingine, na yale masomo yaliyobaki nitajifunza peke yangu, polepole.

Ukinitaka, usipite ofisini. Chef hapendi wageni. Njoo kanisani, hapa Bagira. Niko mstari wa pili wa wanaume, upande wa dirisha, karibu na kiti chako, ambacho hakuna aliyekikalia. Usiniite jina, nitashindwa kuimba. Hesabu tu mpaka ine.

Sitakimbia.

Cikuru