Afande na Futi Kamba

Jinja, Jumanne

Alipima mlango kwa futi kamba, akapima dirisha, asiandike kitu. Mkaguzi gani huyo?

Na mimi ndiye niliyeitetea amri hii mpya! Nilisema zahanati zikaguliwe, wanawake wasife kwa vyombo vichafu. Leo afande amekuja, akaomba daftari la wagonjwa, akalifungua moja kwa moja kwenye jina la Nambozo.

"Dada, hii malaria gani inalala kwa wodi ya wazazi?"

Malaria niliiandika mimi. Nambozo, rafiki yangu tangu shule kule Mbale, aliletwa akivuja damu baada ya kutolewa mimba kichochoroni. Tulimwokoa. Ningeandika ukweli, angefungwa.

"Vitanda vingine vilijaa, afande."

Akacheka. "Wewe msomi sana." Hapo ndipo alipotoa kalamu. Aliandika jina la Nambozo tu.

Sista, mkubwa wetu, alikuwa amemwekea chai tayari kabla hajafika. Chai ya sukari, nasi hatujaonja sukari wiki tatu! Labda ni woga wake tu. Labda...

Tulipofunga, Sista alinipa sukari kidogo ndani ya karatasi. "Mtilie Nambozo kwenye chai, akija Alhamisi."

Sikumwambia mtu kuhusu Alhamisi. Nambozo aliniandikia kutoka Mbale, na barua yake nimeificha ndani ya shajara hii, ambayo hushinda kwenye droo yangu kazini.

Kesho alfajiri naenda Mbale kumzuia asije. Shajara naondoka nayo. Sukari nimeimwaga.