Nondo ya Ethi Si Kigingi cha Fahali

Turwa, Tarime
Jumapili, tarehe 8 Juni

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Nimejiapiza kukuambia yote, hata yale ambayo Mama amenikataza kuyaandika kwa sababu mkono wako bado unauma. Nakala ya pili ya barua hii nitaibandika kwenye mlango wa kituo cha maziwa. Wanaokusema vibaya wanakusema hadharani, basi na mimi nakujibia hadharani.

Nianze na yale mazuri, maana nikianza na mengine nitachafuka roho nishindwe kuendelea. Unakumbuka uliponifundisha kukamua? Nilikuwa nimechuchumaa chini ya yule ng'ombe uliyempa jina la Mwalimu, kwa sababu anatazama watu bila kupepesa macho. Nilivuta chuchu kwa nguvu zote na maziwa hayakutoka. Ukacheka mpaka ukakaa chini. "Bhoke, unakamua au unafua soksi? Mwache kwanza ndama anyonye kidogo. Mama hampi maziwa mtu asiyemjua." Ukawa unamwimbia polepole kwa Kikurya huku umeegemeza paji la uso kwenye ubavu wake, na maziwa yakaanza kulia kwenye ndoo.

Halafu kituoni ikaja pampu ya kuvuta hewa, ya kukamulia kwa mashine. Wengine waliiogopa, lakini wewe uliizunguka ukaisikiliza inavyonguruma, ukasema, "Huyu ni bwana mnene, amelala na anakoroma." Ukajifunza kuvisha vile vikombe kwenye chuchu, ukajua sauti yake ikiwa nzima na ikiwa inakosa hewa. Ukapewa mabuti meusi ya mpira yaliyokufanya utembee kama bata, na sisi watoto tukawa tunakuiga nyuma yako. Nilijivunia sana. Shuleni niliwaambia wenzangu kwamba shangazi yangu anaendesha mtambo.

Sasa nifike kwenye fahali.

Siku ile mwenyekiti wa kituo alipoleta fahali wake ili apande ng'ombe wa wanachama, mimi na wewe tulikuwa tunaosha ndoo. Alitafuta mahali pa kumfunga, akaiona nondo ya ethi, ile fimbo ya chuma iliyozamishwa ardhini na kuunganishwa kwa waya na mota ya pampu, imesimama kando ya ukuta wa chumba cha mota. Kwa macho ya mfugaji, kigingi kizuri kuliko hicho hakuna. Akaanza kufunga kamba. Ukamwambia, "Mwenyekiti, fundi aliyejenga hapa alisema hicho chuma kisiguswe."

"Kisiguswe, kwani ni kaburi la babu yake?" Akamgeukia mchungaji wake. "Mura, kaza kamba. Chuma imara hiki, hata tembo hang'oi."

Fahali aling'oa. Aliposikia harufu ya majike alivuta mara moja tu, nondo ikatoka na waya wake ukakatika. Ulipiga kelele, na mwenyekiti akacheka. Mchungaji akairudisha nondo kwenye shimo lilelile, ikasimama kama muwa uliochomekwa mchangani. Waya ukabaki unaning'inia ukutani, haujashika kitu chochote.

Wakati ule sikujua maana yake. Nilikuja kujua darasani, wewe ukiwa umeshaumia, mwalimu wetu wa fizikia alipotuchorea mota ubaoni. Alisema umeme ukivuja kwenye gamba la mota, ule waya ndio unaoupeleka ardhini. Waya usipokuwepo, umeme unabaki kwenye chuma ukingoja mtu au mnyama wa kupitia. Nikainua mkono nikauliza, "Na kama kwenye mota kuna bomba la chuma linalopita juu ya ng'ombe wote?" Mwalimu akaweka chaki chini. "Bomba hilo liko wapi, Bhoke?"

Lakini ng'ombe walishajua kabla yetu. Yule ng'ombe wako Mwalimu, aliyekuwa akiingia bandani wa kwanza bila kuswagwa, aligoma mlangoni. Wengine walirusha mateke na kubana maziwa. Na wanaume wetu, watu waliozaliwa katikati ya ng'ombe, walisemaje? Walisema ni jicho baya. Walisema kuna mtu amelitazama banda kwa husuda. Wakawafunga ng'ombe miguu na kuwachapa ili wasimame kwenye saruji yenye maji, chini ya bomba lile. Wewe peke yako ulisimama mbele ya Mwalimu ukasema, "Huyu namjua. Kuna kitu kinamuuma humu ndani." Hukusikia umeme kwa sababu ya mabuti yako. Ng'ombe walikuwa peku.

Hata swichi ya usalama ukutani ilikuwa inasema. Kila mota ikiwashwa, baada ya muda swichi inakata. Wakamleta fundi kutoka Sirari. Aliitazama akasema, "Hii kitu inakata stima bure tu. Wacha niirukishe." Akaunganisha waya kuipita. "Sasa iko sawa. Kamueni tu, mama." Mwenyekiti akampigia makofi. Wamemnyamazisha ng'ombe kwa fimbo na swichi kwa waya, kisha wakafurahi kwamba pametulia.

Na ile siku ya wageni. Hili ndilo linalonichefua kuliko yote, Shangazi, na nitaliandika taratibu ili nisikosee. Walikuja wageni waliovaa viatu vizuri. Mwenyekiti akaona bandani kuna matope na mavi, akawageukia ninyi wakamuaji: "Kina mama, vueni mabuti wageni wavae. Hamuoni aibu?" Mkavua. Ukamwambia sakafu imejaa maji. Akasema, "Wewe mguu wako umezoea. Waoneshe mashine."

Nilikuwa dirishani. Nilikuona ukiingia peku, ukainua mkono kushika bomba ili kufungua hewa, na mkono haukuachia. Mdomo wako ulikuwa wazi bila sauti. Mwenyekiti akaita, "Mvuteni!" nami nikapiga kelele, "Msimguse! Mtu asimguse!" Sijawahi kuwafokea wazee maishani mwangu. Nikakimbilia mainswichi nikaishusha. Ukaanguka. Mgeni mmoja alirudi nyuma kwa woga, na miguuni alikuwa amevaa mabuti yako.

Sasa uko Machochwe kwa dada Ghati, binti yako, na vidole viwili havikunjiki. Huku Turwa mwenyekiti alisimama mkutanoni jana akasema, "Yule mama alikuwa peku. Alipewa mabuti, hakuyavaa. Huo ni uzembe." Watu wakatikisa vichwa. Wakamuaji wenzako waliovuliwa mabuti pamoja na wewe walitazama chini. Fahali hakutajwa. Nondo, akasema, ililegezwa na wezi wa shaba. Nikasimama, akanitazama kama anayetazama inzi kwenye kikombe. "Mtoto wa kike, fizikia yako iache shuleni."

Unajua wamefanya nini kutengeneza? Wameipaka mota rangi ya kijani. Nimeenda kuangalia. Nondo bado imechomekwa tu, waya bado unaning'inia, swichi bado imerukwa. Lakini mota inang'aa. Tangu nione rangi ile siwezi kunywa maziwa ya kituo kile. Nikiyasogeza mdomoni nakumbuka harufu ya mkono wako ulioungua.

Pampu itawashwa tena Jumatatu ya tarehe 16, na nafasi yako amepewa Mama.

Nimemwambia Mama yote haya. Amenisikiliza huku anachambua mboga, kisha akasema, "Bhoke, mwenyekiti amemtumia shangazi yako mtamba, na amesema mkutanoni kwamba mtamba amepokelewa. Ng'ombe akishapokelewa, neno limekwisha. Kama wifi yangu ameona hakukosewa, mimi ni nani wa kukataa?" Wewe unaijua desturi yetu kuliko mimi. Wazee wote pale mkutanoni walikubali mara moja, hakuna aliyeuliza zaidi. Mtamba mwekundu mwenye nyota kwenye paji, wanamsifia mpaka leo. Wanamsifia mtamba, wala hawataji mkono.

Sitaki mashine iondolewe, Shangazi. Nataka ukija tena uikute bwana mnene anakoroma salama. Mwalimu wangu wa fizikia anasema kazi si kubwa: nondo ipigiliwe upya, waya uunganishwe, swichi irudishwe na kupimwa, na asiingie mtu peku. Yuko tayari kwenda kuwaita wakaguzi wa umeme, lakini anasema watauliza nani aliona. Neno langu ni la mtoto. La kwako litasikilizwa, ila si kama mtamba analala zizini kwenu.

Nimempigia dada Ghati, simu inaita tu. Ndiyo maana nimempa barua hii mchungaji wa kanisa letu anayekuja huko. Anarudi Tarime Alhamisi, na Mama ameahidi kwamba atalisubiri jibu lako kabla ya kwenda kuchukua mabuti. Kama mtamba ni wenu, Mama ataingia bandani. Kama amerudishwa, Mama haingii, na mimi nitalisoma jibu lako mlangoni pa kituo kwa sauti ambayo mwenyekiti ataisikia.

Uuguze mkono, usiuoneshe baridi. Mwalimu amezaa ndama jike, na kila asubuhi anatazama njia ile uliyokuwa unapitia. Lala salama, Shangazi yangu. Nijibu hili moja tu, hata kwa mwandiko wa dada Ghati: yule mtamba mmempokea, au mmemrudisha kwa mwenyewe?

Mtoto wa kaka yako,
Bhoke