Moshi wa Nyumba ya Maonyesho

Mama,

Shikamoo huko uliko. Ni mimi Minza wako. Uvumilie mwandiko, naandika huku nafuta macho.

Utacheka. Watu wa utamaduni wamejenga nyumba ya msonge hapa Shinyanga mjini ili wageni na watoto wa shule waone wazee walivyoishi. Ni kama yako kabisa: mafiga, kitanda cha ngozi, jiwe la kusagia uwele, kibuyu cha kusukia maziwa. Wametenga hata pa kulala ndama, ila ndama mwenyewe hayupo. Wakatafuta mwanamke anayejua kukaa humo, wakanipata mimi. Kila siku nakoka moto na kusonga ugali wa mtama watu wakitazama. Kuni ni shida, kwa hiyo nachoma samadi kavu, kama wewe. Wageni wanakohoa kidogo, wanasifu, wanatoka. Mimi nabaki na moshi.

Mama, macho yangu yamekuwa mekundu.

Juzi alikuja mtoto wa jirani yetu wa kijijini, yule uliyekuwa ukimpa maziwa ya mgando. Siku hizi ana ndevu. Akaniamkia vizuri, akanitazama sana, kisha akasema, "Mama Masanja, macho yako yamekuwa kama ya marehemu mama yako." Akaondoka.

Kwa macho hayo wanakijiji walikuita mchawi. Mtoto wa watu alikufa, wakatazama macho yako, wakaona wamepata jibu. Walipokuja na mapanga mimi nilikuwa Geita kwa mume wangu. Nilifika umeshafunikwa shuka. Na siku zote ulikuwa ukiniambia, "Minza, moshi hauna adabu, sogea huku." Ulinisogeza mimi, ukabaki wewe.

Naogopa, Mama. Naogopa vibaya mno. Jua likizama naegemeza mchi mlangoni, na mbwa akibweka naamka kuukaza. Nimenawa macho kwa maji ya chumvi, ndiyo kwanza yamezidi. Mwanangu Masanja ananisihi niache kazi. Lakini nikiacha, yule kijana atasema nimekimbia kwa sababu ni kweli, na atanifuata nyumbani na wenzake.

Sasa nasikia Jumamosi watu wa kijiji chetu wanakuja kuitazama nyumba, lori zima, na yule kijana ndiye anayewaleta.

Pumzika, Mama. Sikukuaga siku ile, nakuaga leo, maana sijui Jumamosi itaishaje. Ila nakuahidi jambo moja. Nitawakaribisha wote ndani, yeye nimkalishe karibu na mafiga. Nitaongeza samadi, nirudishe mlango, nisonge ugali wangu taratibu, na hatatoka mtu kabla haujaiva. Kisha nitawatoa nje juani, niwaambie watazamane macho.

Mwanao,
Minza