Shoki za Mama Imani

Jumamosi jioni

Na kumbe shida haikuwa oili hata kidogo.

Mwezi mzima Mama Imani amekuwa akirudi kutoka Isecheno, ambako huongoza wageni msituni kwa baiskeli, akilalamika kwamba viganja vinamuuma. Mimi namjibu kuwa ni mizizi ya njiani, atazoea.

Leo nimefungua shoki za mbele za baiskeli yake, zile zinazomeza mitikisiko, hapa uani. Nimetoa matope, nikabadilisha oili na mipira ya kuizuia isivuje, nikazijaza upepo. Nikafunga uzi kwenye mguu wa shoki, nikakaa kwenye kiti cha baiskeli. Shoki zikabonyea, uzi ukasukumwa juu pale nilipotaka. Nikaridhika kabisa, fundi mimi.

Mama Imani alikuwa anaanua nguo. "Baba Imani, hiyo uzi ni ya nini?"

Nikamweleza kwamba unaonyesha shoki zinabonyea kiasi gani mtu akikaa.

"Basi wacha nikae."

Akakaa. Uzi haukusonga. Shoki zilikuwa ngumu kama jiwe. Mimi ni mnene, yeye ni mwembamba, na baiskeli ni yake.

"Kwani siku zote unapimanga baiskeli yangu na mwili yako?"

Nikapunguza upepo kidogo kidogo, yeye akiwa amekaa, mpaka uzi ukasogea.

Wakati wa chakula nilitaka kusema pole. Badala yake nikauliza kama viganja bado vinauma.

"Vinauma," akasema, akininawisha. "Lakini nitazoea."