Kikohozi cha Mjomba Asbjørn

Ulvik,
14 Novemba 1997

Mpendwa kaka Sjur,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Hujambo? Kifua kimepona? Mimi ni mzima wa mwili, ila roho haijatulia. Ukishasoma barua hii ichome, maana haya siruhusiwi kuyasema.

Nimeteuliwa kuwa mzee wa baraza mahakamani. Usicheke. Tuko raia wawili na jaji mmoja, na kura zetu ni sawa na yake. Kuna mtu anashtakiwa kumsukuma mama mkwe wake kwenye ngazi. Bibi amevunjika nyonga na hakumbuki kitu. Shahidi aliyeona hakuna.

Kaka, alipoingia tu nilijua ni yeye. Nilihisi hivyo kabla sijasikia neno hata moja.

Jana, wakati wa kahawa, mwenzangu Torfinn, muoka mikate, akaniambia, "Dada, mimi nimeshamaliza. Mtu kama yule humuulizi, unamwona tu!" Nilikuwa nafungua mdomo kumuunga mkono. Mara yule mshtakiwa akakohoa kule koridoni, kikohozi kikavu, mara mbili. Nikashika meza. Kikohozi cha Mjomba Asbjørn kabisa!

Unakumbuka tulivyoapa kwamba mjomba alimzamisha mbwa wetu Passopp? Aliondoka na mbwa kwenye mashua, akarudi peke yake. Tulimchukia miaka ishirini, hata mazikoni hatukwenda. Mama alinieleza kabla hajafariki, nami nikashindwa kukuambia. Nisamehe. Passopp alikula sumu ya panya, ghalani, alikoingia kwa mlango tuliouacha wazi sisi. Mjomba alikuwa anamkimbiza kwa daktari wa mifugo ng'ambo. Akamfia njiani, naye akanyamaza ili tusijilaumu.

Hisia yetu juu ya mjomba ilikuwa na nguvu kama hii ya sasa. Lakini nikimtazama yule bibi, anavyojikongoja kwa magongo, nasikia uchungu. Je, nao niutupe? Asiyesikia uchungu atahukumuje?

Jumatatu tunapiga kura. Nitamuuliza Torfinn jambo moja tu: tumeona nini? Tukimwachia kimakosa, mtu mbaya atarudi nyumba moja na bibi yule. Naogopa, kaka, sikufichi.

Shangazi Borghild anakusalimu. Nibusie wifi Heather na watoto, na Mungu awafunike huko mliko.

Leo nimepeleka maua kaburini kwa mjomba. Kwenye kadi nimeandika majina yetu sote wawili.

Dada yako, anayekupenda na kukukumbuka,
Gudveig